Waya wa Tatu

Fundi Litunungu hasikii.
Kwinini ilimchukua masikio yote mawili akiwa darasa la pili,
na Newala nzima inampelekea injini.

Mimi sikujua. Nilifika na ukungu wa asubuhi,
Datsun ikichechemea kama mbuzi aliyefungwa mguu,
nikaanza kumweleza:
inakohoa nikikanyaga mafuta, ikisimama inatetema
hadi kioo cha pembeni kinakataa kunionyesha uso wangu.
Chitanda wa stendi kasema kabureta, tukaiosha mara mbili.
Yule wa Mahuta kasema petroli ya chupa, nikamwaga lita tisa.
Shemeji yangu, asiye na hata baiskeli,
kasema gari la marehemu halimtaki mjane usukani.

Alinitazama midomo mpaka nikamaliza.
Kisha akafungua boneti.

Kwanza chujio la hewa. Alilipiga kwenye jiwe
likamwaga salfa, unga wa manjano,
msimu mzima wa mikorosho ya watu,
mifuko niliyoisomba kutoka ghalani hadi Mnyambe.
Akapiga chafya. Nikapiga chafya.
Injini ikavuta pumzi kidogo,
lakini bado ilimisi:
silinda tatu zinalima, moja imekaa kitako.

Akachukua bisibisi ndefu,
ncha akaigusisha kwenye bloku, mpini akaung'ata,
akafumba macho.
Ndivyo anavyosikiliza, kwa meno, kwa mfupa wa taya,
akihama silinda hadi silinda
kama mkunga anayetafuta mapigo.
Akaniinulia vidole vitatu.

Akachomoa waya wa kwanza, gari likayumba.
Wa pili, likayumba. Wa nne, nusura lizimike.
Wa tatu akauchomoa, na gari halikujali,
kama umepiga hodi nyumba ya aliyehama.

"Plagi!" nikamwambia mgongo wake.
Plagi ilitoka nyeusi, imelowa, inanuka petroli isiyoungua.
Akafunga mpya.
Wapi.

Basi akaketi. Akachoma muhogo, akanikatia nusu.
Akanionyesha jua, akanionyesha lilipo machweo,
akakunja mikono.
Nikasema moyoni, leo nimempata bingwa wa kusubiri.

Ilipoadhiniwa magharibi akavuta mlango wa bati,
akaziba tundu kwa gunia,
akazima koroboi, akanigusa bega: washa.

Gizani nikaiona.
Kwenye waya wa tatu, pale ulipofungwa utepe mweusi,
cheche ya buluu, nyembamba kuliko uzi wa kushonea,
ikiruka kutoka wayani kwenda kwenye chuma,
ikiruka tena, tena,
mchana kutwa ilikuwa ikiruka hivyo, mwanga ukiifunika.
Moto ulikuwepo. Haukuwa unafika.

Utepe ule naujua.
Aliuzungusha mwenyewe, mkono ukitetemeka kwa homa,
akaukata kwa meno, akasema,
"Utatufikisha Ndanda hospitali."
Ulitufikisha.
Kurudi aliendesha mtu mwingine;
mimi nilikaa nyuma, kwenye bodi, pamoja naye.

Sikumweleza fundi. Ningemwelezaje, na giza lile.

Akawasha koroboi. Akakata waya
kwenye pikipiki iliyokufa kando ya choo,
akaupima, akaufunga, akaufuta kwa kanga yangu bila kuomba.
Injini ikanguruma sawasawa.
Akaing'ata bisibisi, akatikisa kichwa,
akaipangusa mpini na kunipa mimi.

Ladha ya grisi. Kisha kwenye meno, kwenye fuvu lote,
nne, nne, nne,
zikipokezana bila hata moja kuruka zamu.

Waya wa zamani niliutia mkobani.
Akataka elfu tano, nikampa saba, akanirudishia mbili.
Nilipopanda, akaniwahi mlangoni,
na kwa kidole, kwenye vumbi la salfa,
akaandika herufi kubwa:
BREKI.

Mbele yangu mteremko wa Kitangari,
na usiku.